Dakika Nne za Shangazi

Kishikwambi kilizima wakati kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Muuguzi Namkunda Mrutu alikuwa na mkono mmoja kwenye kichwa hicho na mwingine kwenye tumbo la Mama Eliezeri, kwa hiyo alikibonyeza kwa kiwiko. Kioo kikatoa mwanga wa kijivu, kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka, na sauti isije.

Mtoto hakungoja. Alitoka na kelele zake, Namkunda akampangusa, akamlaza kifuani kwa mama yake, akakata kitovu, akatazama shuka la mizani lililotandikwa chini ya mzazi. Shuka hilo lilikuwa na nyuzi zinazopima damu iliyomwagika, gramu kwa gramu, lakini lilimpelekea hesabu zake Shangazi peke yake, yaani kishikwambi hicho, na Shangazi alikuwa bado kwenye kiduara. Namkunda akaukamata mkono wa Mama Eliezeri, pale penye bangili ya kupimia mapigo, akayahesabu mwenyewe kwa kutazama saa ya ukutani, kama wauguzi wa zamani.

Zilipita dakika nne kamili. Ndipo kishikwambi kikasema kwa sauti yake tulivu ya mwanamke wa makamo, "Nipo. Mama anaendeleaje?"

"Mwambie ameshachelewa," Mama Eliezeri akasema, akicheka kwa uchovu.

Namkunda alicheka pia, ila kicheko hakikumfika moyoni. Hiyo ilikuwa mara ya tano ndani ya wiki mbili. Leo damu ilikuwa kidogo. Na siku itakapokuwa nyingi?

Kishikwambi hicho kilikuwa na miaka kumi na saba katika zahanati ya Mrambeni, juu kabisa ya milima ya Usangi. Kila zahanati kati ya sitini za Mtandao wa Wakunga ilikuwa na cha kwake, na kila kimoja kilijifunza kwa watu wake. Watu wa Mrambeni walikiita Shangazi, kwa kuwa kilijua mambo ambayo zamani binti aliambiwa na shangazi yake tu. Kilikuwa kimesikiliza vizazi elfu moja na mia moja. Bibi akija na mkwewe na kueleza maumivu kwa Kichasu cha ndani, kile kisichofundishwa popote, Shangazi alimwelewa. Kikisema mzazi apelekwe hospitali, Namkunda aliita machela ya anga, chombo kisicho na rubani kilichoruka kutoka Mwanga na kutua uwanjani baada ya dakika kumi na moja.

Kanuni yake ilikuwa fupi, na kila muuguzi aliijua kama Baba Yetu. Ukifuata ushauri wa Shangazi na mgonjwa akaharibikiwa, lawama ni ya Mtandao. Ukiupuuza, lawama ni yako.

* * *

Mumewe, Sifaeli Mbwambo, ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa Mtandao kwa milima yote ya Upare. Jioni ile alimsikiliza akisimulia habari za kiduara, akaweka kikombe chini, akasema kwa upole kwamba kishikwambi kimezeeka na hakuna dawa ya uzee. Jumatatu angeleta kipya. Kilichotakiwa ni saini ya Namkunda kwenye fomu ya kukabidhi, kisha cha zamani kingechukuliwa na kusagwa, kama utaratibu ulivyo.

Namkunda aliuliza kama hakiwezi kutengenezwa. Alieleza habari za Kichasu, na za akina mama waliozoea sauti ile. Sifaeli alisema kipya kitajifunza, kwani hata hicho kilijifunza. Alisema hivyo huku akimkanda bega, mahali alipojua panauma.

"Usikionee huruma, Mama Tumsifu," akamwambia. "Ni chombo tu."

Alikuwa mume wa namna hiyo. Mtoto wao Tumsifu alikuwa masomoni Moshi, nyumba ilikuwa ya wawili, na Sifaeli hakuacha siku ipite bila kumuuliza mkewe amelalaje. Mazoea hayo aliyaanza miaka sita nyuma, baada ya msiba wa Eliwaza.

Eliwaza alikuwa mdogo wake Namkunda, wa tumbo moja. Alikuja kujifungua Mrambeni mwezi wa mvua, ukungu umefunika mpaka madirishani. Mtoto, Niwaeli, alizaliwa saa nane na nusu mchana, mzima. Kisha damu ikaanza. Machela ilipoitwa saa kumi kasoro robo Eliwaza alikuwa ameshapoteza fahamu, na alikata roho angani, kabla hajafika Mwanga.

Kamati ya uchunguzi ilipoketi, ilisoma daftari la kishikwambi mbele ya watu wote. Saa tisa na dakika kumi na mbili, daftari lilisema, Shangazi alitoa ushauri: Mpeleke sasa, ita machela. Namkunda hakukumbuka kabisa kusikia maneno hayo. Alikumbuka mvua, alikumbuka kungoja. Lakini maandishi yalikuwa pale, na saa yake, na dakika yake. Aliporudi nyumbani akilia kwamba hakusikia, Sifaeli ndiye aliyemwambia kwamba huzuni huziba masikio, kwamba hata watu wazima huvisahau vitu ambavyo hawawezi kuvibeba. Alimwamini. Kati ya kumbukumbu yake na daftari, alilichagua daftari.

Hakufukuzwa kazi. Kirumbe Msangi, mume wa marehemu, alisimama kanisani Jumapili ya arobaini akasema amemsamehe shemeji yake, na watu wengi walilia. Tangu hapo Namkunda akawa mtu asiyeyaamini masikio yake. Kila ushauri aliuuliza mara mbili na kuuandika kwa kalamu mgongoni mwa mkono.

Usiku ule fomu ya kukabidhi ilibaki mezani bila saini. Asubuhi ya Alhamisi, kwa kuwa Kanuni ilimruhusu muuguzi kubadilisha betri na kioo, alikifunga kishikwambi ndani ya khanga na kuteremka nacho Mwanga. Hakumwambia Sifaeli. Aliona haya tu, kwamba mtu mzima anakihurumia chombo.

* * *

Fundi Rukia Senkondo alikuwa na duka dogo nyuma ya soko la Mwanga, na lenzi ya kukuzia iliyofungwa kichwani kwa mpira. Alikifungua kishikwambi, akapima betri, akasema imechoka lakini siyo ya kuzimisha chombo kwa dakika nne. Kuna kitu ndani kinachokula nguvu kila chombo kinapoamka. Akamwomba sista akae kwenye stuli angoje.

Baada ya saa nzima alimwita, akamweleza akimchorea kwenye karatasi. Kishikwambi cha namna hii kina kumbukumbu mbili. Moja ni daftari, lile linalosomwa na watu. Nyingine inaitwa shina. Kwenye shina huandikwa kila kitu ambacho chombo kinakisikia na kukisema, kwa mfuatano, na kikishaandikwa hakifutiki, kama mchoro wa patasi kwenye ubao. Ukitaka kuliondoa shina, ulisage. Kila kikiamka, chombo hulinganisha daftari na shina. Vikipatana, kinaendelea. Vikikataa kupatana, kinarudia, na kurudia, mpaka kichoke.

"Miaka yote kilikuwa kinarudia, sista," Rukia alisema. "Betri ilipokuwa na nguvu kilimaliza kwa kufumba na kufumbua, hukuona. Sasa betri imedhoofika, ndiyo unaona dakika nne. Hakijazeeka. Kinajikwaa, mahali pamoja tu, tarehe moja."

Akaitaja tarehe. Ilikuwa siku aliyokufa Eliwaza.

Rukia alimuuliza kama angesikiliza sauti za siku ile peke yake au wasikilize wote. Namkunda akasema wote.

Kwanza ilisikika mvua juu ya bati. Kisha sauti yake mwenyewe, changa kidogo, ikiuliza kama ampeleke mgonjwa. Shangazi akajibu asubiri, damu iko ndani ya kiwango. Baada ya muda akajisikia akiuliza tena, kwa ukali, kwamba shuka limelowa na analiona kwa macho. Shangazi akajibu asubiri. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. Subiri, akajibiwa.

Rukia akaonyesha kidole kwenye saa iliyokuwa ikienda pembeni ya kioo. Saa tisa na dakika kumi na mbili. Shangazi hakusema lolote. Aliyesema alikuwa Eliwaza.

"Dada, mtoto ana nywele?"

"Anazo nyingi," sauti ya Namkunda ikajibu. "Tulia, mdogo wangu."

Alikuwa ameyasahau maneno hayo kabisa. Miaka sita alikuwa ameshughulika kukumbuka neno ambalo halikusemwa, na lile lililosemwa likazikwa chini yake. Rukia akasimamisha sauti, akampa maji, akangoja.

Alipoweza kuuliza, aliuliza yale maandishi ya daftari yametoka wapi. Rukia alifungua ukurasa mwingine. Mstari wa saa tisa na dakika kumi na mbili uliandikwa kesho yake, saa nne asubuhi, kwa ufunguo wa fundi, na ufunguo wa fundi haufunguki bila kidole cha mwenyewe. Jina lilikuwepo.

"Sifaeli Mbwambo," Rukia akasoma. "Unamfahamu?"

"Namfahamu," Namkunda akasema.

Rukia alimweleza mambo yalivyo. Anaweza kukirudisha chombo kwa wenyewe, kikasagwa, akapewa kipya. Anaweza kukitia betri mpya, kikawa chepesi kama zamani, na kule kujikwaa kusionekane tena. Au anaweza kukiacha kirekebishe daftari lifuate shina. Kwa hilo hahitaji fundi, kidole cha mtunza chombo kinatosha. Ila ajue kwamba daftari likirekebishwa halibaki zahanati moja. Litaenda kwenye vishikwambi vyote sitini, na kila muuguzi na kila mama aliyeketi kwenye benchi ataisikia taarifa.

Namkunda aliomba betri mpya, akaonyeshwa jinsi ya kuisikiliza sauti ile mwenyewe, na alipanda mlima akiwa amekikumbatia kishikwambi kifuani. Hakulia.

* * *

Ijumaa mchana Sifaeli alirudi kula. Namkunda alikuwa amepika makande. Alimpakulia, akamwacha ale mpaka nusu ya sahani, kisha akakiweka kishikwambi mezani na kukiacha kiseme.

Sifaeli alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza ameipata wapi. Alipousikia mstari wa nywele za mtoto alifunika macho kwa kiganja, na Namkunda akatambua kwamba kumbe hata yeye hakuwahi kuusikia. Aliandika uongo wake juu ya dakika ile bila kuisikiliza.

Kisha akaeleza yote, taratibu, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kwa miaka. Shuka la mizani lilikuwa na kasoro. Kwenye ukungu wa baridi nyuzi zake zilisinyaa na kupima damu pungufu, karibu nusu. Alfajiri iliyofuata kifo aliligundua hilo kwa kulipima shuka lenyewe. Ndani ya siku tisa alizunguka zahanati zote sitini, akabadilisha kila shuka kwa mkono wake, bila kumwambia mtu kwa nini. Kabla ya Mtandao, milima hii ilikuwa ikizika akina mama thelathini kwa mwaka kwa sababu ya damu. Mwaka jana ilizika wawili. Kama angetangaza siku ile kwamba Shangazi ameua, wanawake wangerudi kuzalia majumbani, na hao thelathini wangerudi kufa. Kamati ilitaka mtu wa kubeba. Ama Mtandao, ama muuguzi.

"Na muuguzi alikuwa mimi," Namkunda akasema.

"Angekuwa mwingine angebeba peke yake," Sifaeli alimjibu. "Wewe nilijua nitakuwa karibu. Nilijua nitakusaidia kubeba."

Aliyasema hayo kwa mapenzi. Hilo ndilo lililomwogopesha Namkunda kuliko kosa lenyewe. Aliitazama mikono iliyomkanda bega miaka sita, akaona kwamba haikuwa mikono ya mnafiki, ilikuwa mikono ya mtu aliyemtwisha mzigo, kisha akatembea pembeni yake njia nzima akimpepea.

"Siku Kirumbe aliponisamehe kanisani," akamuuliza, "wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Sifaeli aliisogeza sahani mbali naye.

"Pembeni yako."

"Ulinishika mkono."

"Nilikushika."

Basi, hapakuwa na lingine la kuuliza. Sifaeli alimsihi. Alisema atamwomba radhi kila siku iliyobaki ya maisha yake, ila Jumatatu akiache kishikwambi kisagwe, kwa ajili ya wale thelathini. Alimsihi afikirie kama muuguzi, asifikirie kama dada. Namkunda aliichukua sahani iliyobaki na makande, akaiosha, akaenda kulala chumba cha Tumsifu, na mlango akaufunga kwa ndani.

Kilichomkosesha usingizi ni kwamba Sifaeli hakuwa mjinga. Hesabu ya wale thelathini ilikuwa ya kweli, Namkunda mwenyewe aliwazika baadhi yao alipokuwa muuguzi mchanga. Akisema, atakayekufa nyumbani kwa kuiogopa zahanati atakuwa wake. Akinyamaza, kila muuguzi kwenye milima hii ataendelea kulisadiki daftari kuliko macho yake, na siku moja, kwenye ukungu mwingine, mwingine naye ataliona shuka limelowa na kuambiwa asubiri, na atasubiri. Alizipima hofu hizo mbili mpaka kulipokucha, na hakuna iliyopungua uzito.

* * *

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Kirumbe. Alimkuta akipalilia kahawa nyuma ya nyumba. Niwaeli alikuwa akicheza barazani, ana miaka sita na nywele nyingi zilizosukwa ovyo, kwa mkono wa baba. Kirumbe alipouona uso wa shemeji yake alimwambia mtoto aende kwa jirani, akavuta benchi.

Namkunda hakuzunguka. Alimwambia kila kitu, hata lile ambalo Sifaeli hakulitaja wala Rukia hakulijua: kwamba alipoliona shuka limelowa moyo wake ulimwambia aite machela, na kwamba alingoja kwa sababu aliiogopa Kanuni. Hilo lilikuwa lake na hakutaka kumpa mtu mwingine. Kisha akamuuliza kama angependa kusikia sauti, akamwonya kwamba Eliwaza yumo.

Kirumbe alisikiliza akiwa ameshika jembe. Baada ya neno la mkewe aliomba lirudiwe, likarudiwa. Kisha akasema asirudie tena.

Kuku walikuja mpaka miguuni mwao wakaondoka.

"Nilifunga siku tatu kabla ya kusimama pale mbele," Kirumbe akasema hatimaye. "Unajua, shemeji? Msamaha ule haukuwa rahisi. Nilikuchukia mpaka mate yakawa machungu. Nikaushinda moyo wangu, nikakusamehe kosa ambalo si lako. Sasa ule msamaha nimpe nani? Mumeo hajaniomba."

Namkunda alimweleza habari za wale thelathini, na kwamba hajui la kufanya. Kirumbe alisema yeye si muuguzi na hawezi kumwamulia. Lakini Niwaeli siku moja atauliza mama yake alikufaje, akasema, na yeye kama baba hataki kujifunza uongo mpya uzeeni. Akainuka, akarudi kwenye kahawa yake. Hakumuaga, na Namkunda hakumlaumu.

* * *

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Wajawazito kumi na mmoja waliketi kwenye benchi la ukumbini, wengine na mama zao, wakati Sifaeli alipoingia na kisanduku cheupe mkononi. Aliwasalimu wote, shikamoo kwa wakubwa, habari kwa wadogo, akakiweka kisanduku mezani pamoja na fomu. Alimtazama mkewe kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango uliobaki wazi.

Namkunda alisukuma fomu pembeni. Alikuwa ameamua hilo alfajiri: kama wataogopa, waogope kwa kusikia kutoka kinywani mwake, siyo kwa taarifa ya chombo. Akasimama mbele ya benchi, akawaambia kwamba miaka sita iliyopita, katika chumba hicho, Shangazi alikosea na Eliwaza akafa. Kwamba kasoro iliyosababisha ilirekebishwa kwenye zahanati zote siku tisa baadaye na haijarudi. Kwamba maandishi yaliyosema muuguzi alikaidi yalikuwa ya uongo, na aliyeyaandika ni mume wake, huyo aliyesimama pale. Na kwamba yeye mwenyewe aliona kwa macho yake na bado akasubiri, kwa kuwa aliambiwa asubiri. Kuanzia leo, akasema, Shangazi na yeye wakitofautiana, atamwambia mzazi kwa sauti kwamba wanatofautiana, na machela itaitwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi mmoja alimgeukia Sifaeli akamtazama tu, kwa muda mrefu, mpaka Sifaeli akainamisha kichwa.

Namkunda akaweka kidole gumba juu ya kioo. Kishikwambi kiliuliza kama daftari lirekebishwe, kikaonya kwamba likirekebishwa halitarudi nyuma. Alijibu ndiyo. Safari hii hakukuwa na kiduara. Mlio mmoja ukatoka kwenye kishikwambi, mwingine ukafuata kutoka mfukoni mwa Sifaeli, na Namkunda akajua kwamba kote milimani, Ugweno na Kilomeni na kule kusikoonekana, vyombo vyote vinalia kwa pamoja. Sifaeli hakukitoa cha kwake. Alikiacha kilie mpaka kikachoka, kisha akachukua kisanduku chake cheupe, akatoka nje, akaketi ndani ya gari bila kuliwasha. Wakubwa wa Mtandao walimkuta hapohapo walipopanda kutoka Mwanga mchana. Aliwaambia ukweli wote kabla hawajamuuliza. Hilo Namkunda aliambiwa na watu. Yeye alikuwa ndani, akipima matumbo.

Alipima saba. Wanne walikuwa wameshainuka, wakajifunga khanga zao na kuondoka bila kuaga.

Kati ya hao wanne, mmoja alikuwa Nasemba, binti wa miaka ishirini mwenye mimba ya kwanza, mtoto akiwa bado hajageuka kichwa chini. Alikuwa amebakiza wiki mbili. Ijumaa, alipokuwa bado hajarudi kupimwa, Namkunda alichukua mkoba wake, akakiacha kishikwambi mezani kwa msaidizi wake, na kutembea saa moja na nusu kupitia migombani hadi kwa kina Nasemba. Ukweli alikuwa ameuchagua mwenyewe, na sasa ilimpasa aupeleke kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Nasemba alifungua mlango nusu. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo.

"Umekuja na Shangazi?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

Binti alimtazama kuanzia viatu vyenye tope mpaka usoni. Hakuwa na dharau, alitaka kujua tu.

"Sista, usinielewe vibaya. Wewe ulikaa na mumeo nyumba moja miaka sita, na hukujua. Mimi nitajuaje?"

Namkunda alisimama pale na mkoba wake. Maneno aliyoyaandaa njiani, ya mashuka mapya na ya wale thelathini waliobaki wawili, yalikuwa ya kweli yote, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Huwezi kujua," akasema. "Hata mimi sikuweza. Naomba maji ninawe mikono, nimguse tu mtoto alivyolala. Nitakwambia ninachokiona, na nisichokiona nitakwambia sikioni."

Nasemba alifikiri. Ndani ya nyumba mtu mzima alikohoa, akauliza kwa Kichasu ni nani aliyepo mlangoni. Nasemba alimtazama Namkunda mara moja zaidi, kisha akaingia ndani kutafuta beseni, na mlango akauacha vilevile, nusu.